Marehemu kwa Mujibu wa Fomu

Mansuri alikuwa na miaka ishirini na tisa siku aliyopata habari kwamba amekufa. Alikuwa uani kwa mama yake, amekalia kinu kilichopinduliwa, anabandua magome ya mdalasini. Mdogo wake Raya alikuwa amefika punde kutoka Morogoro mjini, viatu vina tope la njiani, na maji aliyopewa hakuwa ameyamaliza. Alimweleza mama yao kwamba amepita usaili wa kwanza wa polisi na sasa umebaki upekuzi. Kwenye fomu ya upekuzi, pale panapotakiwa majina ya ndugu wa kuzaliwa naye, alikuwa ameandika jina la Mansuri, na mbele yake akaandika marehemu.

Bi Maimuna alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Hakuinua uso.

"Wameuliza amekufa na nini?" alisema.

Jambo lilianza hivyo, na hakuna aliyelipigia kelele, hata Mansuri mwenyewe. Aliendelea na kisu chake mpaka gome lile likatoka zima.

Kijiji chao kiko juu ya Mkuyuni, mwendo wa saa mbili kwa miguu kwa mtu asiyebeba kitu, upande ule wa Uluguru ambako mvua haina msimu na watu wanaishi kwa karafuu, mdalasini, ndizi na nanasi. Miaka tisa kabla ya siku ile, Bi Maimuna alikuwa akipika gongo. Mumewe alikuwa amemwacha na kuhamia Kilosa, na Raya alikuwa kidato cha pili, anahitaji ada. Mtambo ulikuwa kwenye korongo nyuma ya nyumba. Kijiji kizima kilijua ni wa nani, kwa sababu nusu ya kijiji ilikunywa na nusu nyingine ilinyamaza.

Siku askari walipopanda, kuna mtu aliwatangulia kuleta habari, lakini muda wa kuuvunja mtambo haukutosha. Mansuri alikuwa ndiyo kwanza anarudi shamba, ana panga mkononi. Mama yake alimpokonya panga, akamshikisha mrija wa shaba ambao bado ulikuwa wa moto, akamwambia yeye ni mwanamume, ataweza. Kisha akaingia ndani, akatandika mswala. Askari walimkuta kijana na mrija. Mahakamani alikubali kosa, akafungwa mwaka mmoja na nusu.

Alipotoka, mama yake alikuwa ameacha kupika na amekuwa kiongozi wa akina mama msikitini. Mwana ndiye aliyebaki na jina. Kuku akipotea, watu walianza kutazama uani kwa Mansuri. Lakini mgonjwa akizidiwa, Mansuri ndiye aliyeitwa kushika upande wa mbele wa machela mpaka barabarani, na mtu akifariki, jembe la kuchimbia kaburi walimpa yeye kwanza. Hakulalamika. Alikuwa na mashina yake ya mikarafuu aliyokatiwa na mjomba wake Abdulmajid kutoka ardhi ya ukoo wa mama, na mdalasini wake aliupeleka mjini mwenyewe, kwa Navin, mfanyabiashara wa Kihindi mwenye duka la vitambaa na viungo. Ni yeye aliyemwombea Raya kazi kwa Navin, baada ya Raya kumaliza kidato cha sita na kurudi kutoka JKT.

Raya alikuwa ameomba polisi mara mbili, akakosa. Mwaka ule ulikuwa wa mwisho kabla umri haujampita. Msichana mmoja aliyekuwa naye JKT alimwambia kwamba ndugu aliyefungwa anamzamisha mtu, hata vyeti vyake viwe vizuri namna gani. Kama ni kweli au si kweli, Raya hakumuuliza mtu mwingine. Kumwacha Mansuri nje ya fomu hakuweza, maana kwenye karatasi zake za zamani alikwisha kuandika kwamba kwa mama yao wamezaliwa wawili. Kumfuta ilishindikana. Kumuua ilikuwa neno moja tu, na marehemu, aliamini, hapekuliwi.

Jioni ile ile Mjomba Abdulmajid aliitwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kilichokwisha kuandikwa kwa kalamu ya serikali hakiwezi kurudishwa, kilichobaki ni kujipanga. Akamgeukia Mansuri, akamuuliza yeye anasemaje. Mansuri alimtazama mdogo wake. Akasema kama ni kwa ajili ya kazi ya Raya, basi, na aliyewahi kuhojiwa na polisi katika nyumba ile ni yeye peke yake, kwa hiyo atamfundisha.

Walikuwa na siku tisa kabla ya mahojiano. Raya aliomba ruhusa dukani, na kila alasiri walikaa uani, Mansuri kwenye kinu, Raya kwenye kigoda mbele yake. Mansuri alijua mambo ambayo Raya hakuyapata kwenye karatasi yoyote. Alimweleza kwamba mpelelezi hana haraka. Anauliza swali, anaandika, anakuuliza la ng'ombe na la shule, halafu analirudia lile la kwanza kwa maneno mengine. Alimwambia asijibu kabla swali halijaisha, asishike mtandio wake, na akisahau kitu aseme amesahau, kwa sababu mtu anayekumbuka kila kitu anatia shaka.

"Kaka yako alikufa lini?"

"Mwaka juzi. Msimu wa karafuu."

"Na nini?"

Hapo Raya alikwama. Alikuwa hajafikiria. Mama yao, aliyekuwa jikoni, alisema waseme malaria. Mansuri alikataa. Malaria ina hospitali, na hospitali ina daftari. Akasema waseme alianguka mkarafuu. Aliwahi kumhudumia mtu aliyekufa hivyo, kijana wa jirani, na alijua inavyokuwa. Akamfundisha. Alimwambia tawi la mkarafuu halilii kabla ya kuvunjika, linaondoka tu. Alimwambia mtu aliyevunjika mgongo hasikii maumivu miguuni, anauliza miguu yake iko wapi. Anaomba maji, ukimpa yanamtoka. Siku ya kwanza anaongea sana, siku ya pili anawataja watu, siku ya tatu alfajiri anakata roho.

"Nilimtaja nani?" Mansuri aliuliza.

Raya alicheka.

"Usicheke," alisema. "Atakuuliza alisema nini mwisho. Ulikuwepo. Nilimtaja nani?"

Raya akafikiri. "Ulinitaja mimi."

"Basi sema hivyo."

Siku mbili za kwanza Raya alisema kama mtoto anayekariri mashairi ya shule. Siku ya tano jambo likageuka. Alifika pale pa maji yanayomtoka mgonjwa, sauti ikamkatika, machozi yakashuka hadi kidevuni, akashindwa kuendelea. Mansuri aliweka kisu chini. Tangu atoke gerezani hakuna mtu aliyewahi kumlilia kwa lolote. Alinyoosha mkono wenye kovu la mrija amshike bega, amwambie inatosha, yupo, hajafa.

Raya alijifuta uso kwa kiganja. "Ilikuwaje?" aliuliza. "Au nimezidisha?"

Mansuri akaurudisha mkono. Alimwambia ilikuwa vizuri, ila asilie mapema vile. Asubiri mpaka aulizwe.

Siku ya sita Raya alishuka mjini kuchukua barua ya Navin, ambaye alikuwa mmoja wa wadhamini wake. Alijua mpelelezi atafika dukani, kwa hiyo ilibidi Navin naye aambiwe. Alimwambia kwamba kaka yake alifariki mwaka juzi, wakaona vigumu kusema, na huyu anayeleta mdalasini siku hizi ni binamu wanayefanana. Navin alikuwa mzee, macho yana ukungu. Aliuliza ni yule mrefu, aliyekuwa akipanga magome kwa unene? Raya akasema ndiye. Navin alisimama, akashusha nusu ya mlango wa duka, akasema dua yake kwa Kigujarati. Akampa rambirambi, mfuko wa mchele mzuri wa Ifakara na sukari, akasema samahani imechelewa.

Bi Maimuna aliupika mchele ule siku hiyo hiyo. Mansuri alikula sahani mbili. Alisema wali ni mzuri.

Suala la kaburi alilileta mjomba. Mpelelezi akitaka kuona, ataonyeshwa nini? Pembeni ya makaburi ya kijiji palikuwa na kaburi la kibarua mmoja kutoka mbali, aliyekuja kuvuna nanasi miaka ya nyuma akafa kwa homa, na kwao hakukupatikana. Mjomba akasema lile halina mwenyewe. Nani alipalilie? Wote wakamtazama Mansuri, kwa sababu kazi za makaburi zilikuwa zake. Akaenda na jembe, akang'oa majani, akanyoosha tuta, akapanga mawe mapya kichwani na miguuni. Mjomba aliyesimama akimwelekeza alimwambia apunguze udongo, kaburi la miaka miwili halitakiwi kuwa juu hivyo. Akapunguza.

Kilichobaki ni watu. Mjomba Abdulmajid na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Twalibu, walipita nyumba kwa nyumba. Mansuri alitarajia, na baadaye alikiri kwamba alitarajia sana, kwamba angalau nyumba moja ingekataa. Watu wangapi alikuwa amewabeba mgongoni kwenye njia ile ya utelezi? Lakini hakuna aliyekataa. Raya angekuwa askari wa kwanza kutoka kijiji kile, na kila mtu alikuwa na shauri la ardhi au kijana anayehitaji mtu wa kumtetea. Wengine hata waliongeza. Mmoja alijitolea kuwa ndiye aliyemshusha mtini. Mwingine akasema yeye atakuwa aliyemwosha maiti. Mzee Twalibu aliwaomba wasizidi, wasije wakatofautiana.

Siku moja kabla ya mahojiano, Mansuri alifunga nguo zake kwenye mfuko wa salfeti. Mama yake alimfungashia ndizi za kuchoma na akamwagiza asipige simu mpaka apigiwe. Alishuka kwa miguu, akapanda gari kwenda Gairo, kwenye barabara ya Dodoma, ambako mtu mmoja aliyefungwa naye, jina lake Yunusi, alikuwa msimamizi wa wapakiaji kwenye ghala la mahindi na karanga. Kesho yake alikuwa na gunia mgongoni.

Mpelelezi aliitwa Ezekiel, mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini na kikohozi. Alimhoji Raya mjini kwa muda wa karibu saa mbili. Aliuliza shule, marafiki, kazi ya dukani, halafu akauliza habari za kaka. Raya alisubiri mpaka swali likaisha. Alieleza tawi, miguu, maji. Alipofika siku ya tatu alilia, wala hakushika mtandio. Ezekiel aliweka kalamu mezani. Alimwambia na yeye alimzika mdogo wake mwaka ule, na kwamba wasingeendelea kabla hajatulia. Akamletea maji mwenyewe.

Wiki iliyofuata alipanda kijijini, kwa miguu kama watu wengine, akipumzika kila kona kwa sababu ya kifua chake. Alionyeshwa kaburi. Alivua kofia. Kisha akakaa na Bi Maimuna barazani, watu wamewazunguka, akamuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

Bi Maimuna alianza kwa yale waliyokubaliana, lakini hakuishia hapo. Alisema mwanawe alikuwa akiamka kabla yake ili yeye mama asichote maji. Alisema hakuwahi kumjibu neno baya tangu azaliwe. Alisema kuna mzigo alimtwika akiwa kijana mdogo, mzigo ambao haukuwa wake, akaubeba, na hakuwahi hata siku moja kumkumbusha. Akalia mpaka akaanguka kwenye kifua cha jirani. Majirani nao wakaanza. Mmoja alisema bila Mansuri mkewe angejifungulia njiani. Mwingine akasema hakuna aliyejua kuchimba kaburi lililonyooka kama yeye. Walisema kwa zamu mpaka jua likavuka, na kila walichosema kilikuwa kweli. Ezekiel aliandika machache, akasema kijiji kilimpoteza mtu.

Alipokuwa anafunga daftari aliuliza, kama mtu anayeuliza tu, sasa shamba la marehemu linalimwa na nani. Hilo hawakuwa wamelipanga. Mjomba Abdulmajid alijibu haraka kwamba amepewa mtoto wake yeye mjomba, yule mkubwa. Ezekiel akaandika na hilo.

Habari hizi Mansuri alizipata kwa simu kutoka kwa Raya, aliyekuwa na furaha hata maneno yanapandana. "Kaka, walikusifia," alisema. "Ungesikia walivyokusifia." Miezi miwili baadaye jina la Raya likatoka, akaenda mafunzoni Moshi. Kijijini walichinja mbuzi.

Mansuri alikaa Gairo akingoja kuitwa. Hakuitwa. Siku ya Idi alipanda mwenyewe, amenunulia mama yake kitenge. Mtu alimwona Mkuyuni akapiga simu kijijini, kwa hiyo alipofika kwenye kijito cha chini ya kijiji alimkuta Mzee Twalibu amekaa kwenye jiwe, kanzu yake ya Idi ameikunja magotini isilowe.

Mansuri alimwamkia, mzee akaitikia. Akamweleza taratibu kwamba watu thelathini na zaidi wamesema uongo mbele ya afisa wa serikali, na baadhi wametia saini. Akionekana, si Raya peke yake atakayeulizwa. Yeye kama mwenyekiti atakuwa wa kwanza. Mansuri aliuliza atakaa nje mpaka lini. Mzee Twalibu alisema jambo hilo hawakulizungumza.

Alimpitisha kwenye migomba mpaka nyuma ya jiko la mama yake. Bi Maimuna alikuwa anapakua pilau. Alimpa sahani, akamwambia ale upesi, wanaume hawajatoka msikitini. Mansuri alikula amechuchumaa. Kupitia upenyo wa ukuta aliona magome ya mdalasini yameanikwa kwenye jamvi lake, na binamu yake anayageuza. Mama yake akaona alichokuwa anatazama. Akasema mjomba ilibidi afanye vile, kwa sababu ilikwisha kuandikwa.

"Kwa hiyo mimi sina kitu hapa," Mansuri alisema.

"Una nini huko ulikotoka? Kaa na hicho."

"Mama, wewe unaweza kukaa bila kuniona?"

Bi Maimuna alichukua sahani iliyokwisha kuwa tupu, akaisuuza. "Nilishakulilia mbele ya watu," alisema. "Sina kilio kingine. Nenda, mwanangu, usinichafulie sikukuu."

Kitenge alikiacha juu ya kinu. Alishuka kabla ya watu kutoka msikitini.

Gairo alijifunza kazi. Alikuwa na bega pana na hakunywa pombe, na baada ya mwaka Yunusi alimpa usimamizi wa zamu. Huko ndiko alikofahamiana na Asia, mjane wa miaka thelathini na mmoja aliyekuwa akichambua karanga ghalani, mtu wa maneno machache na kicheko cha ghafla. Alikuwa wa kwanza kumuuliza kovu la kiganjani limetokana na nini, na Mansuri alimwambia ni mrija wa moto, basi. Asia alimfulia shati lake pasipo kuombwa. Walipotaka kuoana, baba mdogo wa Asia, aliyemlea, hakuweka sharti kubwa. Alisema yeye hamwozi mtoto wake kwa mtu aliyeshuka tu kwenye lori. Alete ndugu yake mmoja, awe mwanamume au mwanamke, aseme huyu ni wetu.

Mansuri alimpigia mjomba wake, ambaye alikata simu. Alimpigia mama yake, akasema yeye ni mzee, safari hawezi. Mwishowe alimtumia ujumbe Raya, aliyekuwa sasa askari katika mkoa mwingine. Alikuwa hajawahi kumwomba kitu tangu azaliwe, na ujumbe aliuandika mara nne. Raya alijibu baada ya siku tatu. Alisema atakuja Jumamosi, kwa sababu hata yeye ana neno la kumwambia.

Jumamosi ile Mansuri alivaa kanzu. Baba mdogo wa Asia alikuja na wazee wawili, wakakaa kwenye mkeka nyumbani kwa Asia, chai ya tangawizi na vitumbua vimetayarishwa. Mansuri alikwenda stendi kumpokea dada yake. Raya alishuka kwenye basi la Dodoma akiwa amevaa kiraia, amenenepa kidogo, nywele zimekatwa. Alipendeza. Mansuri alimwambia wazee wanasubiri, ni hapo tu, hatua chache. Raya alimwomba wasimame kwanza kando ya kibanda cha karanga.

Alimweleza kwamba amechaguliwa kwenda kozi ya kikosi maalumu, watu sita tu kutoka mkoa mzima. Kabla ya kwenda kuna upekuzi mwingine, na huu haufanani na ule. Wanarudi mwanzo, wanazungumza na kila mtu. Gairo ni barabarani. Kila anayekwenda Dodoma kutoka Morogoro anasimama pale, na watu wa nyumbani wamekwisha kumwona, wawili, na mmoja ameongea.

"Unataka niende wapi?"

"Mbali, kaka. Kahama. Au Tunduma, halafu uvuke."

"Nimekuitia posa, Raya."

"Najua. Ungeoa, ungeandikwa msikitini, jina na mashahidi. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe." Alitazama barabara. "Huko utakakokwenda utapata mwingine."

"Mama anajua?"

"Mama ndiye aliyesema nisipige simu, nije tuonane, kwa sababu ana kwa ana hujawahi kukataa."

Baba mdogo wa Asia, aliyechoka kungoja na aliyewaona kutoka mlangoni kwa Asia, kunakotazamana na stendi, alikuwa ameinuka kuwafuata. Alifika akiwa na tabasamu, ameshika tasbihi, akamtazama Raya kwa heshima ya mtu anayepokea wakwe.

"Huyu ndiye ndugu yetu tuliyeambiwa?" aliuliza.

Raya alipiga goti kidogo. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Wewe ni nani wake Mansuri?"

Mansuri alimtazama Raya. Alisema baadaye kwamba wakati ule alikuwa bado anaamini, kwa sababu jibu lilikuwa neno moja, dogo, na alikuwa amelisikia kwa Raya tangu alipoanza kuongea.

"Namfahamu tu, baba," Raya alisema. "Alikuwa rafiki wa kaka yangu. Nilikuwa napita, nikaona nimsalimie. Kaka yangu ni marehemu."

Tabasamu la mzee lilififia, si kwa hasira, kwa huruma. Alimpa pole. Akauliza jina la marehemu, na Raya, bila kutikisika, akataja jina la baba yao. Mzee akasema Mungu amrehemu, akainua mikono amsomee Fatiha pale pale barabarani, kama inavyompasa mtu mzima. Raya akainua yake. Mansuri naye akainua, kwa sababu mikono haiachwi chini mbele ya dua, na mzee alipomaliza, wote watatu wakasema amina na kujipangusa uso.

Raya aliondoka na basi la saa nane. Mzee alimuuliza Mansuri, basi ndugu yake mwenyewe yuko wapi? Mansuri akasema hatakuja. Mzee alitikisa kichwa, akarudi kuwaambia wenzake wanywe chai. Asia alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kitambaa cha kufunikia vitumbua. Mansuri alimwendea, akamweleza yote, tangu mrija, kwa sauti ambayo wazee pia waliisikia. Asia alimwamini, na alisema hivyo. Lakini baba yake mdogo alisema kwamba mtu ambaye mama yake mzazi amemzika akiwa hai, lazima kuna jambo alilolifanya ambalo hajalisema, na kwamba hamtoi mtoto wake aingie kwenye uongo wa watu wenye bunduki. Wazee wale wawili waliafiki.

Jumanne Mansuri alipata nafasi kwenye lori la maharage linalokwenda Kahama. Yunusi alimpa barua ya kumtambulisha kwa mtu wa ghala huko, na akamwuliza aandike jina gani. Mansuri akamwambia aandike lolote. Raya alikwenda kozi, na akafaulu. Asia bado anachambua karanga Gairo, na mwaka huu ameposwa na dereva.